Matembezi Magumu ya Siku Moja Katika Milima ya Alpi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kutoka asubuhi, apande mlima wa Alpi kwa miguu yake, na usiku huohuo alale kitandani. Kupanda kwa kamba na kutembea juu ya barafu ya kudumu hakumo humu. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na mwongozaji awe mbele yao.

Njia "ngumu" ya siku moja ni ipi hasa?

Tunaiita ngumu ikiwa na mawili kati ya matatu haya: jumla ya kupanda inafika mita 900 hivi au zaidi; muda wa kutembea unapita saa 6 bila kuhesabu mapumziko; au kuna mahali ambapo mguu ukiteleza unaweza kuumia vibaya. Urefu wa kilele peke yake hauelezi kitu. Kuna vilele vya mita 3,000 ambavyo gari la nyaya linakufikisha karibu kabisa na juu, na kuna njia za mita 1,800 ambazo zitakutoa machozi.

Mnatumia njia gani kama mfano?

Schynige Platte hadi First, kupitia kilele cha Faulhorn, katika milima ya Bern nchini Uswisi. Unapanda treni ya reli yenye meno kutoka Wilderswil, karibu na Interlaken, hadi Schynige Platte (mita 1,967). Treni hiyo ilianza kazi mwaka 1893 na hupanda taratibu sana, karibu saa nzima. Kutoka pale unatembea hadi kibanda cha Männdlenen (mita 2,344), unapanda Faulhorn (mita 2,681), unateremkia ziwa Bachalpsee (mita 2,265), kisha unafika First (mita 2,168), ambako gari la nyaya hukushusha Grindelwald. Jumla ni kama kilomita 15.5, kupanda mita 900 na kushuka mita 700. Upande mmoja unaona ziwa Brienz chini kabisa, upande wa pili vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau.

Tumeichagua kwa sababu haihitaji kamba, ila inaadhibu asiyepanga. Unaanzia stesheni moja na kuishia nyingine, katikati hakuna barabara, na pande zote mbili kuna chombo cha mwisho cha siku ambacho hakimsubiri mtu.

Nimeshapanda Kilimanjaro. Hii si itakuwa rahisi tu?

Mapafu yako hayatapata shida. Mita 2,681 si kitu mbele ya 5,895. Lakini Kilimanjaro sheria inakulazimisha uwe na mwongozaji, wapagazi wanabeba mzigo, mpishi anapika, na yupo mtu anayekutazama usoni na kuamua kama unaendelea au unarudi. Kwenye Alpi, kazi zote hizo ni zako. Begi unabeba mwenyewe, ramani unasoma mwenyewe, na saa ya kugeuka unaitangaza mwenyewe.

Tofauti ya pili ni mwendo. "Pole pole" ya Kilimanjaro ni dawa ya mwinuko. Huku pole pole kupita kiasi inakugharimu gari la mwisho. Huhitaji kukimbia, lakini unahitaji mwendo usiokatika: saa nzima bila kusimama, dakika tano za maji, kisha saa nyingine.

Rangi za vibao na alama za mawe zina maana gani?

Hapa watu wengi hudanganyika, kwa sababu rangi ileile husema mambo tofauti katika nchi tofauti.

Uswisi, kibao cha njano ni njia ya kawaida. Ncha ikiwa na rangi nyeupe-nyekundu-nyeupe, hiyo ni njia ya mlimani: buti, mizani nzuri ya mwili, na moyo usioogopa bonde. Nyeupe-buluu-nyeupe ni njia ya hatari, ambapo mikono inafanya kazi na pengine hakuna njia inayoonekana. Wapandaji hutumia pia ngazi za T1 hadi T6: njano ni T1, nyekundu ni T2 na T3, buluu ni T4 kwenda juu. Mfano wetu una T2 na vipande vya T3.

Austria na Ujerumani, tazama nukta kwenye kibao: nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Italia huandika herufi: T kwa watalii, E kwa watembeaji, EE kwa wazoefu, EEA kwa njia zinazohitaji vifaa vya usalama. Ufaransa, michirizi nyeupe na nyekundu ya njia ndefu za matembezi ziitwazo GR inakuambia tu kwamba hujapotea. Ugumu haisemi. Mtu aliyezoea Uswisi akiiona Ufaransa hudhani ni daraja la ugumu, na anaweza kujikuta kwenye ngazi za chuma bila kutegemea.

Ukikuta kamba nene ya chuma iliyofungwa ukutani mita kwa mita, na watu wamevaa kofia ngumu na mikanda kiunoni, hiyo si njia yako bila vifaa hivyo. Mnyororo mfupi wa kushikilia mahali pabaya ni jambo jingine na ni wa kawaida.

Nitahesabuje muda?

Hili ndilo swali kuu kuliko yote, na jibu lake lina hesabu. Kanuni inayotumika sana katika nchi zinazozungumza Kijerumani ni hii: kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare, mita 300 kwa saa kupanda, mita 500 kwa saa kushuka. Piga hesabu ya umbali peke yake, kisha ya kupanda na kushuka kwa pamoja. Chukua ile kubwa, uiongezee nusu ya ile ndogo.

Njia yetu: kilomita 15.5 gawanya kwa 4 ni saa 3.9. Kupanda mita 900 gawanya kwa 300 ni saa 3; kushuka mita 700 gawanya kwa 500 ni saa 1.4; jumla saa 4.4. Kubwa ni 4.4. Nusu ya 3.9 ni karibu 2. Jibu: saa 6 na dakika 20 hivi, miguu ikiwa inatembea.

Sasa weka mapumziko, maana vibao vya Uswisi navyo havihesabu mapumziko. Dakika 20 Männdlenen, 30 Faulhorn, 15 ziwani, na 10 za kufunga kamba za buti na kuvaa koti. Ni saa 1 na robo. Ukianza kutembea saa 2:30 asubuhi, unafika First saa 10:05 jioni.

Tuseme siku hiyo gari la mwisho linashuka saa 11:30 jioni. Una akiba ya karibu saa moja na nusu. Hiyo ni akiba ya haki. Ikishuka chini ya saa moja, anza mapema zaidi au chagua njia fupi. Saa za gari la mwisho hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ziangalie usiku wa kuamkia safari, ziandike kwenye karatasi, na karatasi iwe mfukoni.

Ukishatembea njia mbili tatu, utajua mwendo wako. Kama huchukua muda mrefu kuliko hesabu kwa robo, zidisha kila hesabu kwa 1.25 na usione aibu.

Je, nitumie saa za Kiswahili au za ratiba?

Kwa kupanga, tumia za ratiba. Wamekuwepo wasafiri wa kundi moja ambao mmoja anasema "saa kumi na moja" akiwa na maana ya 17:00, na mwenzake mzaliwa wa Ulaya anaelewa 11:00. Ratiba za treni huandika saa 24. Kupata saa ya Kiswahili, toa 6: 8:30 ni saa 2:30 asubuhi, 13:00 ni saa 7 mchana, 17:30 ni saa 11:30 jioni. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 19:00 ni saa 1 usiku. Kwenye karatasi ya mfukoni andika zote mbili, bega kwa bega.

Saa ya kugeuka inawekwaje?

Tafuta mahali pa mwisho ambapo milango yote miwili bado iko wazi, yaani unaweza kwenda mbele au kurudi nyuma ukiwa bado na usafiri. Kwenye mfano wetu mahali hapo ni Männdlenen. Kutoka Schynige Platte hadi pale ni karibu saa 3. Kutoka pale hadi First ni saa 3 na robo: moja na nusu hadi kileleni, moja na dakika 45 kushuka.

Ukianza saa 2:30 asubuhi, unatakiwa Männdlenen saa 5:30. Mwisho wa uvumilivu ni saa 7 mchana. Ukifika baada ya hapo, safari ya kileleni imeisha. Geuka urudi Schynige Platte kama treni bado ipo. Utabiri ukisema radi alasiri, vuta mwisho huo hadi saa 6 kamili.

Saa hii ikubaliwe na kila mtu kabla ya kuanza, mkiwa mezani, mmeshiba na hamna haraka. Ukiiweka ukiwa mlimani, kilele kinaonekana, miguu imechoka na mwenzako anasema "pamebaki kidogo tu", hutaiheshimu.

Nikikosa gari la mwisho pale First?

Unashuka kwa miguu hadi Grindelwald (mita 1,034). Ni mita zaidi ya 1,100 za kushuka, karibu saa 3, juu ya miguu iliyokwisha kazi. Njia ni pana na si ya hatari, lakini magoti yatakumbuka wiki nzima, na bila tochi ya kichwani itakuwa adha. Kama ukiwa Faulhorn unaona umechelewa au mwenzenu anachechemea, kuna njia ya kuteremkia Bussalp, ambako basi hushuka Grindelwald. Ratiba ya basi hilo nayo iwe kwenye karatasi yako.

Kila njia unayopanga, weka alama mahali angalau pawili unapoweza kuiacha. Njia isiyo na pa kutokea ni ya siku ambayo kila kitu kiko sawa: hewa, afya na wenzako.

Msimu mzuri ni upi?

Julai hadi mwisho wa Septemba kwa njia za zaidi ya mita 2,000. Septemba tunaipenda zaidi: radi hupungua, hewa ni safi, watu wachache. Ila mchana ni mfupi, na vyombo vya usafiri huanza kuacha kazi mapema. Juni kunapendeza bondeni, huku juu theluji bado imelala kwenye miteremko inayotazama kaskazini. Theluji mpya inaweza kuanguka mwezi wowote, Agosti ikiwemo.

Nifanyeje nikikuta theluji imekatiza njia mwezi Julai?

Simama kwanza, tazama chini yake. Kama mteremko unaishia kwenye majani ya tambarare, ukiteleza utalowa tu. Kama unaishia kwenye mawe au ukingo wa jabali, swali limejibiwa: rudi. Ikiwa chini ni salama, piga kisigino mara mbili tatu. Kikiingia na kutengeneza ngazi, vuka hatua kwa hatua. Kikigonga na kurudi kama kwenye saruji, usivuke. Asubuhi theluji huwa ngumu hivyo. Alasiri hulainika, lakini hapo hatari inahamia kwingine, kwani juu ya vijito maji huila kwa chini na kuacha dari jembamba. Ukisikia maji yanapita chini ya miguu, ondoka hapo.

Utabiri wa hewa nausomaje?

Usitazame picha ya jua au wingu kwenye simu ya mji. Soma utabiri wa milimani wa idara ya taifa ya hali ya hewa: MeteoSwiss kwa Uswisi, Météo-France kwa Ufaransa, GeoSphere kwa Austria. Tafuta mambo manne: radi inategemewa saa ngapi, kasi ya upepo juu, mstari wa nyuzi sifuri (pale maji yanapoanza kuganda) uko mita ngapi, na mawingu yatashuka hadi wapi.

Joto hupungua kama nyuzi 0.65 kwa kila mita 100. Interlaken kukiwa na nyuzi 26, Faulhorn ni nyuzi 12 hivi kabla ya kuhesabu upepo. Ukiwa umelowa jasho, nyuzi 12 zenye upepo ni baridi ya kutetemesha meno kwa mtu wa pwani.

Radi ikinikuta juu?

Radi za kiangazi huanza kujijenga mchana. Wingu jeupe linalokua kwenda juu kama koliflawa, kichwa chake kikianza kutanuka, ni ishara ya kushuka. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo, gawanya kwa 3, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari uko ndani ya eneo la hatari.

Ondoka kileleni na kwenye mgongo wa mlima. Achia minyororo na kamba za chuma. Usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango. Kama huna pa kwenda, chuchumaa juu ya begi, miguu pamoja, mbali na wenzako mita kadhaa. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ramani ya karatasi bado inahitajika?

Ndiyo, kwa sababu haiishi chaji. Chukua ya skeli 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1. Uswisi mchapishaji ni swisstopo, Ufaransa ni IGN, Dolomiti za Italia ni Tabacco, na Austria zipo za Alpenverein.

Tazama mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, kwa ukaribu. Kwenye ramani za Uswisi za milimani, kila mstari ni mita 20. Weka rula juu ya njia yako: kama ndani ya sentimita moja (mita 250 za ardhini) unahesabu mistari 5, unapanda mita 100, na hiyo ni njia kali lakini ya kawaida. Ikiwa mistari imebanana hadi huwezi kuihesabu na njia inapita katikati yake kwa ubavu, umeona mahali pa kuogopa kabla hujafika.

Simu ibebe programu ya swisstopo, ramani zikiwa zimepakuliwa kabla ya kuondoka. Iweke kwenye hali ya ndegeni na ndani ya koti, karibu na mwili, maana baridi hula betri. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha siku nzima.

Naweza kutumia buti za mtumba?

Unaweza, ukizikagua vizuri. Tatizo haliko kwenye ngozi wala kwenye meno ya soli. Liko katikati. Kati ya soli ya nje na kiatu kuna tabaka la povu gumu la poliyurethani, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata kama buti limekaa kabatini halijavaliwa. Joto na unyevu wa pwani huharakisha mambo. Kwa macho buti linaonekana jipya, kisha saa ya tatu mlimani soli inabanduka nzima kama ganda la chungwa.

Bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba, pande zote, hasa kisigino. Likibonyea na kurudi, ni zima. Likimeguka, likiacha unga kidoleni, au kukiwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, liache sokoni. Kisha pinda buti kwa nguvu na utazame kama soli inaachia penye kidole gumba cha mguu. Buti liwe na nafasi ya nusu kidole mbele, maana wakati wa kushuka mguu husogea na kucha huumia. Livae saa 20 hivi kabla ya safari.

Beba mkanda wa gundi mita 3 na kamba nyembamba. Soli ikibanduka, funga kuanzia juu ya buti kupita chini, mara nne, na uanze kushuka.

Begi liwe na nini?

Begi la lita 25 hadi 30, uzito usiozidi kilo 7 pamoja na maji. Ndani: koti la mvua lisilopitisha maji, sweta ya sufu au flisi, kofia ya sufu na glavu (hata Agosti), fulana ya kubadili, tochi ya kichwani, filimbi, blanketi la dharura la karatasi ya fedha, bendeji mbili, plasta za malengelenge, dawa zako, fedha taslimu kidogo, ramani.

Acha jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa haikauki, na inakunyonya joto. Vaa nguo za michezo za nailoni au sufu nyembamba. Fimbo mbili za kutembelea tunazisisitiza: hupunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka, na watu wengi huanguka wakishuka, si wakipanda, kwa kuwa wamechoka na wameacha kutazama miguu.

Kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya kabla ya Männdlenen, viatu vya watu wengi vimeyasugua hadi yanang'aa. Yakilowa ni kama sabuni. Weka mguu mzima, usikanyage kwa ncha, na uchague nyufa badala ya migongo ya mawe.

Maji na chakula kiasi gani?

Maji lita 2 kwa uchache, 3 siku ya joto. Ardhi ya chokaa humeza maji, kwa hiyo kati ya Schynige Platte na Faulhorn usitegemee vijito; utanunua Männdlenen kikiwa wazi. Kijito kilicho chini ya malisho ya ng'ombe usikinywe.

Chakula kiwe cha kula ukiwa umesimama, kidogo kila saa, kabla njaa haijauma: kashata za karanga, tende, chapati iliyokunjwa na yai, ndizi, viazi vilivyochemshwa na chumvi. Chumvi ni muhimu kwa anayetoka jasho jingi. Mtu anayesema "nitakula kileleni" mara nyingi huishiwa nguvu nusu saa kabla ya kilele.

Ngozi nyeusi inahitaji mafuta ya kukinga jua?

Inahitaji. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji huirudisha usoni. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, ila huungua. Pua, masikio na midomo hutangulia. Miwani ya jua ni lazima kwa kila mtu.

Nijiandaeje nikiwa Dar es Salaam au Mombasa, hakuna milima?

Tumia ngazi. Jengo la ghorofa 10 ni kama mita 30 za kupanda. Ukiweza kupanda mara 10 ndani ya saa moja, begi la kilo 6 mgongoni, bila kuhema hadi kushindwa kuzungumza, unafikia mita 300 kwa saa, ileile ya kanuni. Fanya mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Na ushuke kwa ngazi pia, usichukue lifti, kwa sababu misuli ya mapaja inayobeba mtu anaposhuka hujengwa kwa kushuka tu. Mwishoni tafuta siku mbili za mlima wa kweli: Uluguru au Usambara kwa walio Tanzania, Ngong kwa walio Kenya.

Naweza kwenda peke yangu?

Njia ya njano, ndiyo. Njia ngumu, tunashauri wawili au zaidi. Kifundo kikiteguka, mmoja anabaki na mwingine anakwenda kutafuta mtandao. Ukilazimika kwenda peke yako, mwachie mtu ujumbe wenye njia, saa ya kuanza, saa ya kufika, na saa ambayo asipokusikia apige simu ya uokoaji.

Ng'ombe na mbwa wa malishoni ni hatari?

Ng'ombe mwenye ndama ni hatari ya kweli, na watu wamekufa. Wazunguke kwa mita 20 au zaidi, usiguse ndama, usipite kati ya mama na mtoto. Kama una mbwa na ng'ombe anakuja kasi, mwachie mbwa. Anamfuata mbwa, si wewe. Mbwa weupe wakubwa wanaolinda kondoo watakuja wakibweka. Simama, ongea kwa sauti tulivu, kisha zunguka kundi kwa mbali. Usikimbie, usiwarushie jiwe. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Ajali ikitokea nampigia nani?

112 kote Ulaya. Uswisi ni 1414, helikopta za Rega, isipokuwa jimbo la Valais ambako ni 144. Austria ni 140. Sema uko wapi (programu ya ramani inaonyesha namba za mahali), nini kimetokea, majeruhi wangapi, hali ya hewa, na kama kuna nyaya karibu zinazoweza kuzuia helikopta. Usikate simu kabla hujaambiwa.

Bila mtandao: ishara 6 kwa dakika moja, kwa filimbi au tochi, kisha dakika moja kimya, kisha rudia. Jibu la waliokusikia ni ishara 3 kwa dakika. Helikopta ikija, inua mikono yote miwili kwa umbo la Y kumaanisha unahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini ni "hapana", kwa hiyo usiipungie helikopta mkono mmoja kwa furaha. Funga kila kinachoweza kupeperuka, chuchumaa, na usiisogelee hadi uitwe.

Viza na bima?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya angalau yuro 30,000. Bima hiyo isikupumbaze. Mwulize wakala maswali mawili kwa maandishi: je, inalipia kutafutwa na kuokolewa mlimani kwa helikopta hata kama sijaumia? Je, kutembea mlimani zaidi ya mita 2,000 kumetengwa kama mchezo wa hatari? Kwa wanaofanya kazi Uswisi saa 8 kwa wiki au zaidi kwa mwajiri mmoja, bima ya ajali ya mwajiri hufika hadi ajali za nje ya kazi. Uliza kikomo chake cha gharama za uokoaji.

Nikishafika chini, kuna la kufanya?

Kwanza, mjulishe uliyemwachia ujumbe, maana waokoaji wameshatoka usiku kumtafuta mtu aliyekuwa mgahawani. Kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa kama kuna kupe, hasa kama ulipita msituni. Mng'oe kwa kibano, taratibu, ukimshika karibu na ngozi. Buti zilizolowa zitoe soli ya ndani, zijaze magazeti, badilisha magazeti baada ya saa moja na tena kabla ya kulala. Usiziweke juu ya hita. Ngozi itapasuka na gundi italegea, na safari ijayo utahitaji ule mkanda wa mita 3.